SHA Hulipa Kitanda cha Wodi: Mwongozo wa Kumtunza Mgonjwa Nyumbani Kibera na Kawangware

Mgonjwa akilazwa katika hospitali ya ngazi ya 4, viwango ambavyo bima ya afya ya taifa, SHA, ilianza navyo ni shilingi 3,360 kwa siku. Akilazwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ni ya ngazi ya 6, ni shilingi 4,480. Siku atakayoruhusiwa kwenda nyumbani, iwe Gatwekera au Kawangware 46, malipo hayo yanakoma. Huenda bado hawezi kujigeuza kitandani, kujilisha wala kwenda haja bila kushikwa, lakini kwa hesabu za bima ameshatoka. Katika orodha ya huduma na bei za SHA hakuna mahali palipotengwa pesa za mtu wa kuja nyumbani kumwogesha, kumlisha na kumbadilisha nepi.

Ni heri kulijua hilo mapema, kwa sababu familia nyingi huligundua zikiwa tayari zimesimama na mgonjwa kwenye lango la hospitali. Kilichopo ni msaada uliotawanyika katika ofisi mbalimbali: kidogo SHA, kidogo kwa wahudumu wa afya ya jamii, kidogo kwa chifu, kidogo hospisi. Anayejua pa kubisha hodi hupata. Asiyejua huuza televisheni.

Kilichobadilika

Bima ya awali ya hospitali, NHIF, ilikuwapo tangu 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyotiwa saini Oktoba 2023 iliivunja na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Katikati palikuwa na kesi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inakiuka Katiba, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, kazi ikaendelea.

Chini ya SHA kuna mifuko mitatu, na kila mmoja una masharti yake. Wa kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi, inayolipia matibabu ya kwenda na kurudi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3, yaani dispensari na vituo vya afya. Huu hautaki mchango wako. Unataka uwe umejisajili tu. Wa pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, unaolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua, kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, matibabu ya saratani na mengineyo. Hapo lazima mchango uwe umelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi, unaosaidia pale kiwango cha SHIF kinapokwisha.

Tofauti kati ya kusajiliwa na kulipa ndiyo inayowaangusha watu. Mtu amebonyeza *147#, akapata ujumbe wa kumkaribisha, akaamini ana bima. Anayo, ya dispensari. Baba akipatwa na kiharusi usiku na kulazwa Hospitali ya Mbagathi, ndipo anaambiwa kwamba SHIF yake haina kitu.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Bawabu anayelipwa 18,000 hukatwa 495, ilhali NHIF ingemkata 600. Mwenye mshahara wa 100,000 ndiye aliyeumia, kutoka 1,700 hadi 2,750. Mama mboga, fundi wa viatu, kijana wa mjengo na wote wasio na hati ya mshahara walikuwa wakilipa NHIF 500 kila mwezi. Sasa kiwango chao hutokana na maswali wanayoulizwa kuhusu maisha yao: kuta za nyumba ni za nini, paa, sakafu, choo, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mko wangapi. Majibu hayo hutumiwa kukisia kipato. Akikisiwa chini ya takriban 18,000 kwa mwezi, atalipa pungufu ya alivyolipa NHIF. Akikisiwa zaidi, atalipa zaidi.

Makisio ni makisio. Kawangware ploti nyingi za mabati zimegeuzwa kuwa ghorofa za mawe, na mpangaji anayelala juu ya sakafu ya vigae huenda ana kipato kilekile cha mwenzake wa Lindi anayelala juu ya udongo, tofauti ikiwa tu kwamba huyu wa vigae anadaiwa kodi ya miezi miwili. Kwa hiyo usimwachie mtu mwingine akujibie maswali hayo kwa haraka barabarani. Kaa naye, jibu ukweli, na kama kiwango kilichotoka hakilingani na hali yako, piga 147 au nenda Huduma Centre ulalamike kabla hujalipa.

Jambo gumu zaidi kwa watu wetu si kiwango, ni kwamba wasioajiriwa wanatakiwa walipe mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 300 mara 12 ni 3,600, na kwa aliyekisiwa 550 ni 6,600. Anayeishi kwa kibarua cha siku hana 6,600 za kukaa nazo zikingoja ugonjwa. Ndiyo maana ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaopatikana kwa *147#: mchango wa mwaka unalipwa kwa mkopo, nawe unarejesha kidogokidogo. Ni mkopo, usomwe masharti yake kama mkopo mwingine wowote. Vyama vingi tayari hukusanya pesa za kununuliana sufuria na blanketi, na chama kinachoamua kwamba zamu ya Januari itakuwa ya SHA kinafanya jambo la maana kuliko sufuria, ingawa najua sufuria inaonekana na SHA haionekani.

Kwa asiyeweza kabisa, Oktoba 2025 serikali ilianza mpango wa kuwalipia watu wasiojiweza, ikilenga takriban milioni 2.2 nchini kote. Wanaochaguliwa hutokana na majibu ya maswali yale yale ya nyumba na kipato. Aliyesajiliwa bila kuyajibu hawezi kupimwa kuwa hajiwezi.

Mzazi ana kaya yake

Mtu mzima anayemtunza mama yake mara nyingi hudhani kwamba kwa kuwa mama anakaa naye na kula kwake, basi yumo katika bima yake. Hayumo. Kaya kwa SHA ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Mzazi hujisajili mwenyewe na kuwa na mchango wake, hata kama anayeutoa ni wewe.

Msajili sasa, wakati anaweza kutembea. Kitambulisho chake kiwe kinapatikana, na kama kimepotea au kimefutika, ombeni kingine kabla ya kukihitaji. Wazee wa Kinubi wa Makina hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili, maana jamii hiyo imesumbuliwa kwa miongo mingi kupata vitambulisho katika nchi waliyozaliwa. Nambari ya simu itakayoandikwa iwe ya laini ambayo yeye au mtu wa nyumbani anaishika kila siku. Laini ya mjukuu aliyehamia Nakuru itawasumbua. Alama za vidole nazo zinatumika hospitalini kumtambua mgonjwa, na vidole vya mtu aliyefua nguo za watu Kileleshwa na Lavington kwa miaka 30 wakati mwingine mashine haivisomi. Jaribuni mapema katika kituo cha karibu, na vikigoma, ulizeni pale pale afanyiwe utaratibu gani.

Kituo kidogo kwanza

Matibabu ya bure ya kwenda na kurudi yako katika vituo vidogo. Kwa mgonjwa wa nyumbani, hili ni badiliko kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa kuwa mahitaji yake mengi ya kila mwezi ni ya huko: kupimwa presha na sukari, kuchukua dawa, kusafishwa kidonda. Kibera kuna Kibera South, kituo kilichojengwa na Madaktari Wasio na Mipaka na kukabidhiwa kaunti mwaka 2017. Kawangware watu huenda Riruta. Anzieni hapo, na mkihitaji hospitali kubwa mwende na barua ya rufaa.

Ukiamua kwenda kliniki ya kibinafsi mtaani, piga simu kwanza uulize kama wanapokea SHA leo. Nasema leo kwa makusudi. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilitangaza kusitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, na wagonjwa wakaambiwa walipe taslimu. Mwaka huo huo Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ilizisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Bango la SHA lililopigwa rangi ukutani halithibitishi kitu.

Dharura ni habari nyingine. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hakuna mahali kinapouliza mchango wako umelipwa au la. Gari la wagonjwa haliwezi kupita katika vichochoro vya Mashimoni au Gatina, kwa hiyo kubalianeni mapema ni njia gani, na ni akina nani watakaombeba kwa blanketi hadi barabarani. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kabla hujatoka wodini

Siku ya kuruhusiwa ni siku ya pilikapilika: bili, simu, kutafuta gari. Familia husahau kwamba wakati huo wamezungukwa na watu wanaojua mambo watakayoyahitaji usiku huo huo. Usiondoke kabla muuguzi hajakuonyesha, kwa mgonjwa wako huyu, namna ya kumgeuza, kumkalisha na kumlisha, kisha ufanye wewe naye akiangalia. Kama ana mpira wa mkojo, uliza unabadilishwa lini na wapi. Kama ana kidonda, uliza kinasafishwa kwa kutumia nini na mara ngapi. Kwa aliyepooza, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe mazoezi machache ya mkono na mguu, na umruhusu kijana wako ayapige video kwenye simu. Mambo haya hayaongezi senti kwenye bili.

Toka na karatasi ya muhtasari wa ugonjwa, orodha ya dawa yenye majina yake ya kawaida na wala si ya kampuni tu, na tarehe ya kliniki. Kisha omba kitu ambacho watu hawakiombi: barua fupi kwa kituo cha afya cha karibu na nyumbani, ikieleza hali ya mgonjwa. Barua hiyo humfanya mgonjwa ajulikane Riruta au Kibera South tangu wiki ya kwanza, badala ya kusubiri mpaka azidiwe.

CHP wako

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, waliopewa mikoba ya vifaa: mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani. Mtaani tunawaita CHP. Kila mmoja hukabidhiwa karibu nyumba 100. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa hayajawahi kuisha. Ukimkuta amechoka, kumbuka hilo.

CHP anaweza kuja nyumbani kumpima mgonjwa, kutambua hatari mapema, kumwandikia rufaa, kumsajili SHA na kusaidia kujibu yale maswali ya kipato. Anaweza kukuelekeza namna ya kumtunza. Hapaswi kumchoma sindano, na hakuajiriwa kumwogesha mgonjwa wako. Wanaomtuma dukani na kumwachia beseni la kufua ndio wanaomfanya asirudi.

Humjui? Muulize mzee wa mtaa au balozi wa nyumba kumi. Wakishindwa, nenda kituo cha afya umuulizie afisa anayewasimamia CHP wa eneo lako, umtajie kijiji na ploti. Nyumba yenye mgonjwa wa kulala ina haki ya kujulikana katika orodha yake.

Ndani ya chumba kimoja

Vitabu vingi vya kutunza wagonjwa hudhani kuna chumba cha mgonjwa. Huku kuna chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda kimoja, pazia, na watu watano. Inawezekana kumtunza mtu vizuri humo, na imewezekana sana. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, Ukimwi ulipojaza wodi hadi wagonjwa wakalala wawili kitandani, ni wanawake wa kujitolea wa Kibera na Kawangware waliopita nyumba kwa nyumba na karai, sabuni na glavu. Mradi wa Lea Toto, ulioanza 1998, uliwafuata watoto wenye virusi majumbani katika mitaa hii. Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za kupunguza makali Kibera mwaka 2003, wengi waliokuwa wakisubiri kufa waliinuka na kutembea. Wengi wa wanawake hao wangali hai, na ujuzi wao haujachuja. Ukiwa na mgonjwa wa kulala kwa mara ya kwanza, mtafute mmoja wao kabla ya kutafuta video za ughaibuni.

Adui wa kwanza ni vidonda vya kulala. Hutokea pale mfupa unapokandamiza ngozi kwa muda mrefu: kwenye mkia wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, na kisogoni. Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kila mnapoamka, kwa zamu iliyopangwa na kutajwa jina la mtu. Usimburute, maana ngozi ya mgonjwa huchubuka upesi. Kunja leso nene umlalishe juu yake kuanzia mabegani hadi chini ya makalio, kisha watu wawili washike ncha na kumwinua. Mto mdogo au nguo zilizoviringishwa ziwekwe chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila asubuhi kagua ngozi kwenye mwanga. Sehemu ambayo imebadilika rangi, imekuwa ya moto au ngumu na hairudi hali yake baada ya kumgeuza ni onyo, na ni wakati wa kumwita CHP. Usiisugue. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa.

Unyevu ndio unaomaliza ngozi. Pampers za watu wazima ni ghali, na wengi hupunguza gharama kwa kumvika usiku tu, mchana wakitumia vitambaa vya pamba vilivyokunjwa juu ya nailoni ngumu, vikifuliwa na kuanikwa juani. Ni sawa, bora vibadilishwe mara vinapolowa na mgonjwa apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe.

Kwa aliyepatwa na kiharusi, kumlisha ni hatari kuliko kumgeuza. Koo inaweza kuwa imepooza upande mmoja, na chakula kikaingia mapafuni. Usimlishe amelala. Mkalishe wima, akiegemea ukuta na mito, kidevu kikiinama kidogo mbele. Maji matupu humpalia mtu wa namna hii kuliko uji mzito, kwa hiyo mchunguze: akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, simamisha na umpeleke apimwe namna anavyomeza. Kijiko kidogo, upande ulio mzima wa mdomo, bila haraka. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Kisha mdomo usafishwe, kwa sababu mabaki yaliyojificha shavuni upande uliopooza ndiyo humpalia usiku.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya kiwango cha kibofu, usiwekwe juu ya kitanda pembeni yake, na usiguse sakafu. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba alicholala mtu asiyeweza kutoka, mlango ukiwa umefungwa. Najua baridi ya Julai. Moshi usioonekana wa makaa huua bila kuamsha mtu.

Rudi hospitalini bila kungoja asubuhi akipumua kwa shida, akipoteza fahamu au nguvu upya, akikaa siku nzima bila mkojo, akipata homa na kidonda kinachonuka, au mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla.

Pale ambapo kupona hakutarajiwi

Nairobi Hospice, katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, ilianza kazi mwaka 1990. Wengi huiogopa wakidhani ni nyumba ya kwenda kufia. Ni kliniki ya kupunguza maumivu, na wahudumu wake huwatembelea wagonjwa majumbani. Tiba hiyo ya kupunguza maumivu, yaani tiba shufaa, imo pia katika huduma zinazotambuliwa na SHA, inayotolewa kupitia hospitali. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha hajaandikiwa kulia. Mwulize daktari wake moja kwa moja kuhusu dawa ya maumivu, ikiwemo mofini ya kunywa, na omba rufaa ya hospisi mapema, wakati bado kuna nguvu za kuzungumza. Uganda imelifanya hili tangu 1993, Anne Merriman alipoanzisha hospisi inayowafuata wagonjwa nyumbani na mofini ya maji katika chupa za kawaida.

Pesa kwa chifu

Ukitafuta katika serikali yote ya Kenya pesa zinazokaribia kuwa malipo ya kumtunza mtu nyumbani, hutazipata kwa SHA. Ziko Inua Jamii. Wengi wanaujua mpango huu kwa shilingi 2,000 za kila mwezi za wazee wa miaka 70 na zaidi. Wachache wanajua kwamba una tawi la watu wenye ulemavu mkali: wale wanaohitaji mtu wa kuwalisha, kuwasafisha na kuwalinda saa 24. Kiwango ni hicho hicho cha 2,000 kwa kaya, na anayeweza kuzipokea kwa niaba ya mgonjwa ni mtunzaji wake.

Njia hupitia kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, Kibra au Dagoretti. Usajili haufunguliwi kila siku, hivyo acheni jina na nambari, na mfuatilie mara kwa mara. Mtu mwenye ulemavu wa kudumu asajiliwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tathmini hufanywa hospitalini, na kadi yake hufungua mlango wa kuomba kiti cha magurudumu na vifaa vingine. Aliyepooza kwa kiharusi na kubaki hivyo anahesabika, ingawa familia nyingi hudhani kadi ile ni ya waliozaliwa na ulemavu.

Shilingi 2,000 hazimlipi mtu mshahara. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi tangu Novemba 2024 ni zaidi ya 16,000 kwa mwezi, na ukimwajiri mtu unatakiwa umwekee SHA na NSSF yake. Kwa hiyo kazi hii huangukia bila malipo kwa binti, mkaza mwana au mjukuu wa kike aliyeacha shule. Mkae kikao cha familia mtaje wazi nani analala na mgonjwa, nani anatoa pesa, na nani anampumzisha mtunzaji Jumapili. Ndugu aliye Ulaya au Ghuba akiwa anatuma pesa za dawa, mwambieni pia kuhusu mchango wa mwaka wa SHA wa mzazi, maana huo anaweza kuulipa mara moja akamaliza.

Nchi nyingine zimeipa kazi hii bei. Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji mwaka 1995, na familia inayomtunza mtu wake inaweza kuchagua kupokea pesa badala ya mhudumu. Japani ilifuata na bima yake mwaka 2000. Hizo ni nchi tajiri zenye wazee wengi, na sitarajii Kenya iige kesho. Lakini hesabu ya siku moja ya wodi, shilingi 3,360, ingeweza kulipia ziara za muuguzi kwa mgonjwa yule yule akiwa kwake, na huenda asingerudi wodini na kidonda cha mkia.

Viwango vya SHA havikuteremka kutoka mbinguni. Sheria imeunda jopo la kushauri kuhusu huduma zitakazolipiwa na bei zake, na mabadiliko ya viwango huhitaji maoni ya umma. Vikao hivyo hujaa mawakala wa hospitali, wenye mashine za figo na madaktari, kwa sababu wao hujua tarehe. Kikundi cha watunzaji kutoka Soweto Mashariki au Gatina kinaweza kupeleka maombi ya ukurasa mmoja: wiki sita za ziara za muuguzi baada ya kiharusi, nepi na glavu kwa mgonjwa aliyethibitishwa kuwa wa kulala, na nyongeza ya posho kwa CHP mwenye wagonjwa wa aina hiyo katika nyumba zake. Ombi lenye vitu vitatu vinavyohesabika ni gumu kulijibu kwa ahadi tu.